Maneno ya Kushikia Mbao

Kitindamimba alifika kwa baba yake na ombi moja: atengenezewe meza. Kwake alikuwa na meza mbili, nzima kabisa, lakini alihitaji kisingizio. Kaka yake alikuwa ameshapata mpangaji wa karakana ya baba yao, muuza magodoro, na Jumamosi mtu huyo angekuja kuchukua ufunguo. Tangu mama yao afariki, baba, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, hakugusa msumeno. Alishinda barazani, akitazama wapita njia na kukonda. Kitindamimba aliogopa kwamba karakana ikijaa magodoro, mzee naye hatachukua muda kumfuata mama.

Fundi alikubali shingo upande. Alisema meza zimejaa madukani, tena zinang'aa. Kisha akauliza ni ya watu wangapi, na binti akajua moyo wake umeanza kulegea.

Ndani ya karakana kulinukia vilevile, maranda na gundi. Kitindamimba alikulia nyuma ya ukuta ule, akifanya hesabu za shule huku baba akitoa amri na msumeno ukiitikia. Karibu amri zote zilihusu kushika, na humo ndani kushika kulikuwa na ukoo mzima. Ukiambiwa "shika," unaweka kiganja tu juu ya ubao, bila nguvu, usikie unavyotetemeka. "Kamata" ilikuwa mikono yote miwili, na usiachie hata nzi akitua puani. "Bana" ilikuwa kuugandamiza ubao kwenye benchi kwa nyonga. "Fumbata" ilikuwa ya misumari, ndani ya ngumi. "Pokea" ilikuwa kukinga kipande kinapokatika, kisije kikaning'inia na kuchanika vibaya.

Watu wengine wana shika moja, wanashikia mtoto, simu na sufuria, na siku zinakwenda. Yeye aliwahi kumwomba mwenzake darasani amfumbatie chaki, darasa zima likaangua kicheko. Alirudi nyumbani analia. Mama alimfuta machozi kwa upindo wa kanga yenye vumbi la mbao, akamwambia awaache wacheke, wakikua watashikishwa adabu na dunia.

Sasa ubao wa kwanza ulikuwa juu ya benchi. Fundi aliinama, akaanza kukata.

"Shika," akasema.

Kitindamimba akaung'ang'ania kwa mikono miwili, kama mtu yeyote wa mjini angefanya. Ubao ukajipinda, msumeno ukakwama. Fundi alijaribu kuuvuta, ukagoma. Akauacha humo humo ndani ya ubao, akajipangusa mikono kwenye suruali, akasema ndiyo maana hakutaka kuanza. Akageuka kuelekea mlangoni.

Binti akaona meza, karakana na baba vinamponyoka kwa pamoja. Akauliza la kwanza lililomjia mdomoni: maneno yale ya kushika alifundishwa na nani, na fundi aliyemfunza kazi?

Fundi akasimama. Akacheka kidogo, kicheko kilichokuwa kimeshika kutu.

"Mimi nilikuwa na shika moja tu," akasema. "Shika, shika, kutwa nzima. Mama yako, aliyekuwa akinishikia mbao, akachoka. Siku moja akauweka ubao chini akaniambia, 'Sema unataka nishike vipi, au utafute nguzo uifunge kamba.' Majina yote hayo ni yake. Mimi nilikuwa nayarudia tu."

Miaka yote ile sauti iliyopenya ukutani ilikuwa ya baba, kumbe maneno yalikuwa ya mama. Kitindamimba akaikumbuka kanga yake yenye vumbi la mbao. Akauchomoa msumeno taratibu, akampa baba yake kwa mkono wa kulia, akamwomba amfundishe upya, hata kwa matusi.

Matusi hayakukosekana. Aliambiwa anakamata kama askari na anabana kama mlango mbovu. Aliambiwa mama yake angekuwepo angemfukuza humo ndani. Lakini ubao wa pili ulikatika vizuri, na wa tatu vizuri zaidi. Jua likahama dirisha. Wakamaliza miguu, wakaingia kwenye uso wa meza.

Kipande cha mwisho kilipokatika, kilitua kiganjani mwake bila kelele. Hapo ndipo alipogundua kwamba baba hajamwambia neno kwa muda mrefu, si shika, si bana, wala pokea. Akainua macho. Fundi alikuwa amesimama na msumeno wake, machozi yakimshuka hadi kwenye ndevu, wala hayafuti.

"Mama yako ilimchukua miaka kufika hapo," akasema.

Kisha akamtuma ampigie kaka yake simu, muuza magodoro atafute kwingine. Binti alikuwa ameshatoka nje na simu sikioni aliposikia anaitwa tena, kwa sauti ndogo ya mtu asiyezoea kuomba.

"Na wewe, mwanangu, kesho utakuja?"