Joto la Pikipiki ya Sista Adero

Adero alianza kumshuku fundi Muhidin kwa sababu hakuona mwingine wa kumshuku. Ni Muhidin peke yake aliyewahi kufungua injini ya pikipiki yake, pale kwenye karakana yake ya Kibuye, mjini Kisumu, na tangu aifungue, pikipiki ilikuwa haifiki Luanda Kotieno bila kuchemka.

Huo ulikuwa mwaka wa 1991. Adero alikuwa muuguzi wa chanjo. Kila Jumanne alitoka Kisumu na boksi la barafu limefungwa nyuma, akapitia Asembo Bay, akamalizia Luanda Kotieno ambako akina mama walimsubiri ufuoni na watoto mgongoni. Pikipiki ilikuwa kubwa, ya safari ndefu, injini yake haina maji wala rejeta. Upepo ndio ulioipoza, ukipita kati ya mapezi ya chuma yaliyozunguka silinda. Adero aliijua. Alikagua oili kila asubuhi, alisugua tope kwenye mapezi kwa mswaki mkuukuu, na penye mlima hakuilazimisha gia kubwa.

Hata hivyo ilichemka. Kabla ya kufika Ndori nguvu zilikwisha, injini ikaanza kugonga, joto likamchoma magoti ndani ya suruali. Ikabidi asimame kando ya barabara angoje ipoe, huku barafu ikiyeyuka. Mara mbili alitupa chanjo. Mara mbili akina mama walirudi nyumbani hivyo hivyo.

Safari ya pili alifungua plagi palepale barabarani. Ilikuwa nyeupe kama chokaa, dalili ya moto kuzidi. Akapapasa shingo ya kabureta, inapoungana na injini, akakuta bolti zimelegea. Injini ilikuwa inavuta hewa ya wizi. Hewa ikizidi petroli, injini inajiunguza yenyewe.

Alikwenda moja kwa moja Kibuye.

"Muhidin, wewe unataka kuniua?" alimwuliza mbele ya wateja. "Unalegeza bolti ndio nirudi kwako kila wiki?"

"Sista, wallahi nilikaza."

"Kaza tena, nikiona."

Muhidin alikaza, spana ikalia. Adero akajaribu kwa mkono wake mwenyewe, hazikutikisika. Lakini Jumanne iliyofuata, mbele kidogo ya Holo, joto lilirudi, na bolti zilikuwa zimelegea vilevile.

Alikaa kwenye nyasi akaitazama pikipiki kama mtu anayemtazama shahidi wa uongo. Kutoka mikononi mwa Muhidin hadi barabarani, ilikuwa imelala mahali pamoja tu. Nyumbani. Na watoto wakiwa shule ya bweni, nyumbani walikuwa wawili.

Mumewe, Dishon, alitengeneza mashine za kusaga posho. Siku hizo maswali yake yalikuwa mengi. Utarudi saa ngapi? Huyo Oduor wa mashua bado anakubebea boksi? Mbona unapaka mafuta kwenda kudunga watoto sindano?

Jumatatu jioni Adero alikaza bolti, akachukua rangi yake nyekundu ya kucha, akachora mstari mwembamba kutoka kichwa cha kila bolti hadi kwenye chuma cha pembeni. Asubuhi, alipotoka kuoga, alichuchumaa kando ya injini. Mistari yote miwili ilikuwa imekatika.

Dishon alikuwa mezani, anakunywa chai.

"Baba Awuor, umeigusa pikipiki yangu?"

"Mimi? Ya nini?"

Adero aliweka mezani spana aliyoitoa kwenye vifaa vya Dishon. Ncha yake ilikuwa na rangi nyekundu.

Dishon aliweka kikombe chini. "Watu wanasema una mtu kule Luanda Kotieno," alisema. "Nikaona ikichemka utachoka. Utageuza, urudi."

"Watu gani?"

Dishon alijimiminia chai nyingine.

"Pistoni ikikwama nikiwa kwa mwendo, gurudumu la nyuma linajifunga, mimi naanguka. Wewe ni fundi. Hukujua?"

"Nilijua," alisema Dishon polepole. "Nililegeza kidogo tu."

Lile neno "kidogo" ndilo lililomvunja Adero moyo. Alitoka, akakaza bolti mwenyewe, akaondoka. Siku hiyo injini haikulalamika hata mara moja, na watoto wote wa Luanda Kotieno walichanjwa.

Jioni alipita Kibuye kuomba msamaha. Muhidin alikataa kumsikiliza pembeni.

"Ulinisema mbele ya watu, Sista. Niombe mbele ya watu."

Akamwomba mbele ya watu.

Kisha aliomba ahamishiwe Asembo Bay, akapanga chumba peke yake. Dishon alianza kuja Jumamosi kwa basi. Alibisha hodi na kusubiri nje mpaka aitwe. Siku moja aliitazama pikipiki kupitia dirisha, akasema, "Ulipokuwa ukiizima nilisikia valvu zinalia kidogo. Niziangalie?"

"Kaa, Baba Awuor," Adero alimjibu. "Chai iko."

Alimmiminia kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa mfukoni, umeshika ufunguo wa pikipiki.