Sufuria Iliyoshika Sumaku

Sumaku ilianguka tena sakafuni. Bimkubwa akaiokota, akaibandika kwenye kitako cha sufuria ya sita. Ikaanguka. Sufuria hizo alipewa siku ya harusi yake, akazisugua kwa mchanga miaka thelathini hadi zikang'aa kama vioo. Leo hakuna hata moja inayofaa.

"Hili jiko lina maringo kuliko wifi yangu," alisema Zawadi, bintiye, aliyelileta asubuhi hiyo kutoka Kilindoni: jiko la umeme, jeusi, la kioo. "Alumini halitaki. Chungu halitaki. Linataka chuma kinachoshika sumaku, tena kitako kiwe bapa."

Kicheko cha Bimkubwa kiliishia kwenye kikohozi. Alishika ukuta mpaka kikapita. Daktari hakumficha: moshi wa makumbi na vifuu vya nazi umemla mapafu, akiurudia, mwaka hamalizi.

Zawadi alitazama juu ya kabati. Palikuwa na sufuria ya bati, nyeupe, yenye ukingo wa buluu, imefungwa kwa kanga.

"Na ile?"

"Ile hapana."

"Mama..."

"Ile tulipashia maji ya kumwoshea dada yako. Nani anapikia chombo cha maiti?"

Zawadi alivuta kigoda. Akapanda, akaishusha sufuria, akaifungua. Akaiokota sumaku; ikaruka kutoka mkononi mwake, ikaganda kitakoni.

"Gari langu saa nane," alisema polepole. "Nikiondoka tu utawasha makumbi, nakujua. Safia nimeshamzika, mama. Na wewe nikuzike?"

Bimkubwa alinyoosha mikono. Aliichukua sufuria, akaiosha kwa sabuni mara tatu, akatia maji, akaitua jikoni, akasema bismillahi kwa sauti isiyosikika. Jiko likalia mara moja, likakubali. Hapakuwa na moto wala moshi, lakini alipoinama alifinya macho vilevile, kwa mazoea.

Mkono wa kushoto ulishika konzi ya mchele uliooshwa. Wa kulia ukaingia majini wenyewe, kupima, kama asubuhi ile ya msiba Biubwa, mwoshaji, alipomwambia, "Epua sasa, shoga, yasije yakamuunguza mtoto."

Yalikuwa vuguvugu.

Alisubiri. Hakuna aliyemwambia aepue. Akautoa mkono, na viputo vidogo vikaanza kupanda kutoka chini, kimoja kimoja, huku matone ya maji ya mchele yakidondoka kutoka kwenye ngumi yake iliyofumbwa.