Chumba cha Kumi na Tano

Jumanne tarehe kumi na tisa Machi, saa nane na dakika kumi mchana, mke wa fundi seremala alikata roho kwenye korido ya kituo cha afya, hatua sita kutoka stoo ya mitungi ya oksijeni. Stoo ilikuwa imefungwa. Ufunguo hutembea mfukoni mwa Mkuu wa kituo, ndio utaratibu wao, na siku hiyo Mkuu alikuwa kwenye semina anakula biskuti.

Waombolezaji walipoondoka, fundi alikaa sebuleni akawaza: ningepita njia ya mkato je? Ukutani, kando ya kabati, ukatokea mlango. Aliukagua kwanza. Fremu imenyooka, bawaba hazilii. Ndani alimkuta mkewe, amekufa. Akawaza: ningempeleka asubuhi je? Mlango mwingine, maiti ileile. Alifungua milango kumi na minne, kwa kila mmoja akijilaumu kwa jambo jipya, na hakuna chumba kilichomrudishia mtu.

Wa kumi na tano aliuwaza kwa hasira: ufunguo ungeachwa kituoni je?

Mkewe alikuwa ameketi kitandani, anashona kifungo.

"Umekonda kama msumari," alimwambia. "Nani anakupikia?"

Hapo fundi akajua kwamba si yeye aliyemuua. Angetoka na ujuzi huo ingetosha, lakini alihamia mle na mto wake. Wateja walikuja wakabeba mbao zao. Binti yake wa miaka kumi aligonga kuomba daftari lake lisainiwe, akachoka, akajisainia mwenyewe.

Mwezi wa pili tangu msiba fundi alikwenda kumwita Mkuu aje aone kwa macho yake kosa ni la nani, kisha aliandike. Mkuu alikuja na katibu wake. Wakavua viatu, wakaingia chumba cha kumi na tano, wakapewa chai. Mkuu alimpima mama presha, akaulizia usingizi wake, akaridhika.

"Andika," alimwambia katibu. "Mgonjwa ni mzima. Lalamiko halina msingi."

Fundi alisema mzima ni humu tu, humu ambamo ufunguo uliachwa. Nje ya mlango huu ni marehemu, na wanaokufa kwenye korido ile hawajaisha.

"Fundi," Mkuu alisema, akimalizia chai, "unataka mke au unataka kesi? Vyote viwili huwezi."

Fundi alimtazama mkewe. Katibu akagonga muhuri, wakavaa viatu, wakaenda zao, na ufunguo ukaenda nao.

Walikuwa wameuacha mlango wazi. Binti alisimama kizingitini na jembe dogo mkononi, akamsalimia mama yake shikamoo, akaitikiwa marahaba. Kisha akamgeukia baba.

"Baba, kama mama yuko hapa, lile kaburi ninalolipalilia kila Jumapili peke yangu ni la nani?"