Klipu ya Miguu

Kamera iligeuka kabla yake. Salmini alikuwa amesimama kwenye barabara ya vumbi nje kidogo ya Ntalikwa, anaeleza wapagazi walivyokuwa wakitua mizigo yao, na kabla hajainua hata bega kuondoka, picha ilishaanza kusogea kushoto kumwachia nafasi. Akaingia katika nafasi ile kama mtu anayeingia chumbani kwake. Nikarudisha nyuma, nikatazama tena. Nilirudisha mpaka chai ikapoa.

Mtu asiyefanya kazi yetu angeona ufundi tu. Mimi nimehariri picha za arusi, ubarikio na mahafali tangu enzi za mikanda, na jambo moja nalijua: huwezi kujua mtu atageukia wapi kabla hajageuka, ila kama umemzoea. Na aliyekuwa nyuma ya kamera ile alikuwa mke wangu, Minza.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa wivu. Sijifichi. Jirani yetu wa pale Chemchem mjini Tabora, Batuli, kila aliponiona nimesimama getini kumchungulia Minza anarudi na nani, alinitania, "Wivu kidonda, shemeji, ukishiriki utakonda." Nami nimekuwa mwembamba tangu utoto, kwa hiyo alicheka peke yake.

Kazi ile tuliihangaikia wote wawili. Kuna watu walitaka filamu ya njia ya zamani ya misafara, kutoka Tabora kuelekea ziwani. Minza angepiga picha, mimi ningehariri nyumbani, maana binti yetu Sayi alikuwa darasa la kwanza na lazima mmoja wetu abaki naye. Msimulizi walimchagua Salmini, mtu wa hapahapa mjini, ambaye mababu zake walifanya biashara kwenye njia hiyo. Mrefu, sauti ya taratibu, kanzu nyeupe hata vumbini. Sikumpenda tangu siku ya kwanza, na wala hakuwa amenikosea kitu.

Wakaondoka. Kila baada ya siku kadhaa kadi za kamera zilifika kwa basi, zimefungwa ndani ya soksi safi, konda ananikabidhi stendi. Zamani mkanda ulibeba kile ulichokusudia, maana mkanda ulikuwa ghali na mtu hakurekodi ovyo. Kadi haina uchoyo. Inabeba kila kitu, hata usichojua kama umekichukua.

Basi nikawa nashinda mbele ya skrini mpaka Sayi arudi shule, namtazama mwanamume mwingine kwa macho ya mke wangu. Hebu fikiria hilo. Minza mwenyewe haonekani hata mara moja; naona tu anachokitazama. Salmini anakunja mikono ya kanzu. Salmini anakunywa maji. Salmini amenyamaza, anaangalia pori. Nani alimwomba atuletee Salmini aliyenyamaza? Roho iliniuma mpaka ugali ukanishinda.

Nikalipiza kwa njia ninayoijua. Alipotabasamu, niliweka ng'ombe. Alipotembea kwa madaha, niliweka mizinga ya nyuki. Sauti yake niliiacha, maana filamu haina budi kusimuliwa, lakini uso wake niliutoa kidogo kidogo, na kila nilipoutoa nilipata usingizi wa siku moja.

Halafu ikaja klipu ya miguu.

Kila mpiga picha ana siku yake ya kubonyeza kinyume. Unadhani unaanza kurekodi, kumbe unasimamisha. Ukidhani umesimamisha, ndipo taa nyekundu inawaka. Kamera inaning'inia mkononi, inarekodi ardhi. Klipu za namna hiyo huwa nazifuta bila kutazama. Hii niliiacha kwa sababu niliona raba za kijani za Minza, na kando yake makubadhi ya kiume, na vyote vinakwenda polepole mno kwa watu walio kazini. Nikavaa hedifoni.

"Minza," ilisema sauti ya Salmini. Mimi sikuwa nimemwita Minza tangu Sayi azaliwe. Kwangu alikuwa Mama Sayi. "Hujanijibu."

Majani makavu yalivunjika chini ya viatu. "Nimeolewa, Salmini."

"Najua. Basi hapana yako nimeisikia, na sitakusumbua tena."

Raba zikasimama. Makubadhi nayo yakapiga hatua moja mbele, yakasimama.

"Sijakwambia hapana," alisema mke wangu. "Nimekwambia nimeolewa."

Kisha wakaendelea kutembea. Hakuna aliyemgusa mwenzake, hilo niliweza kuliona, maana miguu haikukaribiana. Ingekaribiana ingekuwa nafuu. Ningepata cha kugombea, ningepanda gari mpaka kwao Minza, kule Ziba, ningeitisha kikao. Sasa wazee wake ningewaambia nini? Kwamba binti yao amesema ameolewa?

Siku zilizobaki nilizimaliza nikipanga maneno. Nilimpangia Minza matusi, nikayafuta, nikampangia Salmini. Nikienda sokoni najikuta nayasema kwa sauti, na wauza dagaa wananitazama. Nilikiona cha moto, wala sioni haya kukisema.

Alirudi jua limempiga, akambeba Sayi mgongoni wakazunguka uwanja mzima, akanikabidhi dumu la asali. Sikumuuliza kitu. Kesho yake asubuhi, Sayi ameshakwenda shule, alivuta kiti akakaa kando yangu kutazama kazi niliyoifanya.

Alitazama mpaka mwisho.

"Ng'ombe wamezidi," alisema.

"Watu wanapenda ng'ombe."

"Baba Sayi, kadi zote umezisikiliza?"

"Zote."

"Na ile ya miguu?"

Niliachia kipanya. "Kumbe ulijua imo."

"Niliiona jioni ileile, nilipokuwa nakagua. Kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe cha kufuta."

"Sasa kwa nini hukufuta?"

"Nilichoka kuijua peke yangu," alisema. "Hakuna zaidi ya ulichosikia. Naapa kwa Sayi."

Nilimwamini, na kumwamini hakukunisaidia kitu. Ningepewa mtu wa kumpiga ningempiga. Nilimwonea wivu Salmini kwa ile hatua moja aliyosimama akisubiri, kwa jina aliloliita, kwa sentensi mbili alizoambiwa ambazo mimi sikuwahi kuambiwa za aina yake. Mimi nilimposa kwao, wazee wakakubaliana, naye akasema ndiyo mbele ya watu. Sikuwahi kujua uso wake unakuwaje anapoamua jambo mwenyewe. Hata kwenye klipu ile sikuuona, niliona raba tu.

"Unataka niondoke?" aliuliza.

Maneno yote niliyoyapanga yalikuwapo, hakuna hata moja lililofaa.

"Nataka ukae," nilisema. "Lakini ukae kwa kunipenda."

Nje Batuli alikuwa anamwaga maji uani na kuwafukuza kuku.

"Hilo usiniombe leo, Octavian," alisema, na sauti yake haikuwa na ukali. "Nitakudanganya. Leo niombe nikae tu."

Nikamwomba akae. Akakaa, na yuko mpaka leo. Lile jingine sijaliomba.