Tulikaa Mtaa Mmoja

Saa nne asubuhi ilipogonga, Mbunge alikuwa ameshapigiwa vigelegele mara tatu, na mkono ukimuuma kwa kusalimiana. Kwenye mradi wa ushonaji wa kina mama walimkalisha kwenye cherehani apigwe picha. Uzi ukamkatikia, watu wakacheka, naye akacheka nao. Kisha msafara ukashika njia ya kiwanda cha ndoo.

Hakuwa amemwambia mtu, hata msaidizi wake, kwamba kaka yake anafanya kazi humo. Walikuwa hawajasemeshana tangu mama yao afariki, miaka minne iliyopita. Siku ya mazishi yeye alikuwa kwenye kampeni, mji wa mbali. Alituma shada la maua kubwa mpaka likakosa pa kuwekwa.

Meneja alimvisha kofia ngumu, akampitisha katikati ya mashine. Ndani kulikuwa na joto, na harufu ya plastiki ilikaba koo. Kwenye mashine ya tano alisimama mwanamume mwenye ovaroli iliyopauka na kisu kidogo mkononi. Mvi zilikuwa zimemjaa. Hapo zamani hakuwa na hata moja.

"Huyu ndiye fundi wetu mkongwe," meneja alisema. "Hebu mweleze Mheshimiwa kazi yako."

"Karibu, Mheshimiwa," kaka yake alisema.

Akaeleza. Punje za plastiki zinamiminwa juu, zinayeyushwa, zinasukumwa kwenye kalibu ya kuzipa umbo, ndoo inatoka ingali ya moto. Kazi yake ni kukwangua kingo zisije zikamkata mtu mkono. Alieleza vizuri, taratibu, kama anavyomweleza mgeni yeyote, na hilo ndilo lililomchoma Mbunge.

"Watoto hawajambo?" akamkatiza.

"Hawajambo. Yule wa mwisho kaolewa mwezi uliopita."

Wa mwisho! Mara ya mwisho kumwona, alikuwa bado anavaa sare za shule.

Meneja aliwatazama, huyu na yule. "Kumbe mnafahamiana?"

Mbunge alifungua mdomo, lakini kaka yake alimuwahi. "Tulikaa mtaa mmoja," alisema, akaokota ndoo nyingine.

Baadaye Mbunge alihutubia wafanyakazi uwanjani. Alisema nini, yeye mwenyewe hakujua. Midomo ilienda yenyewe, makofi yakaja yenyewe. King'ora cha mapumziko kilipolia, alimvuta msaidizi pembeni. "Nipe dakika kumi. Asinifuate mtu."

Alimkuta kaka yake kantini, mwisho wa benchi, peke yake na kikombe cha chai. Wengine walipomwona mgeni walinyanyuka na sahani zao. Kaka alijisogeza kidogo, akampisha nafasi.

"Kaka, naomba usiniite Mheshimiwa."

"Nikuiteje mbele ya bosi wangu?"

Dada yake akaketi.

"Mama alikuulizia mpaka dakika ya mwisho," kaka alisema, macho kwenye chai. "Nikamwambia uko njiani. Ulikuwa njiani?"

Angeweza kusema barabara ilikuwa mbovu, au simu ilizima. Uongo wa kumridhisha mtu alikuwa nao tele.

"Hapana," akasema.

Kaka alitikisa kichwa polepole. Hakugomba, na dada yake alitamani angegomba. Walikaa hivyo, mabega yakikaribia kugusana, mpaka king'ora kikalia tena.

"Nije Jumapili?" aliuliza haraka.

"Njoo. Ila usije na watu."

Ndani ya gari msaidizi alifungua daftari. Jumapili ilikuwa na shughuli tatu.

"Zifute."

"Zote, Mheshimiwa?"

"Zote." Gari liliwashwa, na ndipo akakumbuka: alikuwa hajui kaka yake siku hizi anakaa wapi. Akashuka, akarudi getini kwa miguu, akamwambia mlinzi anataka kumuuliza fundi wa mashine ya tano anapokaa.

"Nimwambie nani anamuulizia?" mlinzi alimuuliza, akishangaa.

"Dada yake."

Mlinzi alimtazama, akaitazama picha yake iliyobandikwa kwenye gari, akaingia ndani. Mbunge alisubiri juani. Kutoka ndani zilisikika mashine zikisukuma na kupumua, na hakuweza kujua ya tano ni ipi. Mlinzi alirudi peke yake.

"Anasema yuko kwenye mashine, hawezi kutoka. Ukifika nyuma ya soko uulizie fundi wa ndoo. Huko kila mtu anamjua."

Alishukuru, akarudi garini.