Feni Iliyokataa Kukimbia

Kwa mara ya tano kompyuta ya Nabiha ilizima pale pale, kwenye asilimia arobaini na moja, kama punda aliyefika mbele ya mtaro asioupenda. Kioo kikawa cheusi. Nabiha akaweka kiganja juu ya boksi, akakitoa mbio. Hapo ungekaanga bajia, na zingeiva kabla mafuta hayajaanza kulalamika.

Ilikuwa Ijumaa, saa tatu za asubuhi, mwezi wa Machi, na Machi ya Mji wa Kale hata kivuli hutafuta kivuli. Nabiha alipiga video za arusi za wanawake. Siku ya kupamba, bibi arusi anapotolewa mbele ya wanawake peke yao, na mabuibui yametundikwa mlangoni pamoja na haya za wenyewe, kamera iliyoruhusiwa kuingia ilikuwa moja tu, yake. Kila mtu alijua kiapo chake: kilichoingia katika kamera ile hakionwi na jicho la mwanamume, liwe la mume, la kaka, wala la paka dume. Kiapo hicho ndicho kilichomletea wateja kutoka Kibokoni hadi Majengo.

Sasa kilikuwa kimembana. Tumu, bibi arusi wa wiki iliyopita, alikuwa aruke kesho alfajiri kumfuata mumewe Maskati. Bibi yake, aliyemlea tangu hajaota meno, alikuwa amevunjika nyonga siku kumi kabla ya arusi, na katika sherehe yote alichopata ni vigelegele vya kwenye simu. Nabiha alimwendea kitandani, akamshika mkono, akamwambia kwa kinywa chake mwenyewe: "Ijumaa baada ya Alasiri, Bibi, utaiona yote, na Tumu yuko ubavuni pako." Kesho Tumu angekuwa angani, na mzee wa miaka themanini na sita haambiwi asubiri likizo ijayo.

Kuipika ile video kulitaka saa tatu mfululizo. Wenye kazi yao husema kurenda. Nabiha alisema kupika, kwa kuwa kulitaka moto na subira. Subira alikuwa nayo. Moto ndio uliozidi. Mashine ilikuwa haifiki hata saa moja na nusu.

Na kwa fundi haikupelekeka, maana arusi nzima ilikuwa mle ndani: mabega, shingo na viuno. Basi fundi akaitwa nyumbani, na leso mbili zikaungwa zikawa pazia katikati ya chumba.

"Hodi, wenyewe!"

"Karibu, Mzee Karisa. Kaa upande huo huo."

Mzee Karisa alikuwa amestaafu kwenye mitambo ya barafu ya samaki huko Liwatoni. Kompyuta alijifundisha mwenyewe, kwa kuzifungua zilizokufa na kuziuliza ziliuawa na nini. Ndiye aliyeiunda hii ya Nabiha, miezi miwili nyuma. Uongo wake ulijulikana mpaka Makupa, na watu waliupenda kwa sababu haukumdhuru mtu ila samaki.

"Bi Mwanarusi, pazia la nini?" akamuuliza mama mkwe wa Nabiha, aliyesimama kama askari wa forodha. "Jicho hili lina mtoto wa jicho, na hili la pili lamuonea huruma mwenzake. Nitaona nini mimi?"

"Mtoto wa jicho lako ana macho yake," akasema Bi Mwanarusi. "Kaa."

Nabiha alijua ukali ule ulitoka wapi. Dakika ya hamsini na mbili ya video ile, Bi Mwanarusi, miaka sitini na tisa, mwenye magoti ambayo tangu mwaka juzi hayakukubali kushuka ngazi bila dua, alikuwa katikati ya ukumbi amejifunga leso kiunoni, na wasichana wamempisha.

Mzee Karisa akapewa kigoda kando ya mtungi wa maji. Bi Mwanarusi akamkabidhi kata.

"Chota unywe. Ila usiusogeze."

"Usisogezwe? Kwani una mimba?"

"Umekaa mahali pake. Wewe kunywa tu."

Akanywa, akasifu maji, kisha akaanza. "Feni, Nabiha mwanangu, si kitu cha mchezo. Liwatoni siku moja tuliiwasha feni mpya kinyumenyume. Nguru wa ratili thelathini akatoka dirishani, akavuka maji, akashuka Likoni ameshakuwa ng'onda mkavu."

"Mzee Karisa," akasema Nabiha kutoka nyuma ya pazia, "saa tisa na nusu bibi yake Tumu yuwaningoja. Huyo nguru na angoje naye."

"Haya. Iwashe, nisikie."

Nabiha akabonyeza. Feni ikanguruma, vuuu, kama inayotaka kuondoka na meza. Kisha ghafla ikatulia, ikawa inanong'ona.

"Umesikia hiyo?" akauliza Mzee Karisa.

"Ndivyo ilivyo siku hizi. Hunguruma ikiamka, kisha husinzia."

"Basi feni si mgonjwa. Kifua kilichooza hakingurumi hata asubuhi. Ipe kazi."

Nabiha akaanza kuipika video upya. Wakangoja. Boksi likapata uvuguvugu, likapata joto, likaanza kutoa ile harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya kanzu. Feni iliendelea na mnong'ono ule ule.

"Vumbi?"

"Nimelisugua kwa brashi jana. Safi kama sahani ya Idi."

"Ile dawa nyeupe niliyoipaka juu ya moyo wa mashine yaweza kukauka," akawaza Mzee Karisa kwa sauti. "Lakini ingekauka, joto lingepanda na feni ingepiga mayowe. Hapa joto lapanda, na feni yasema alhamdulillahi. La. Feni ni tarishi, mwanangu. Haina akili yake, hukimbia ikitumwa. Kuna mtu hajaituma."

Nyuma ya pazia Bi Mwanarusi alikohoa. Nabiha akamtupia jicho. Bi Mwanarusi akaanza kuikunja leso ambayo ilikuwa imeshakunjwa.

"Izime," akasema Mzee Karisa. "Uiwashe tena, na papo hapo ukibonyeze kile kitufe cha kufutia, mfululizo, kama mtoto anayegonga mlango wa choo. Patakuja ukurasa wa mipangilio. Unisomee joto."

Ukurasa ukaja, wa buluu, umejaa tarakimu. Nabiha akasogeza uso. "Moyo wa mashine, themanini na nane."

"Hiyo ni homa ya kuona majini. Na chini yake, ile ya mwisho?"

"Ishirini na sita."

Kata ikagonga ukingo wa mtungi. "Soma tena."

"Ishirini na sita, Mzee Karisa."

"Nabiha mwanangu, mimi nimezaliwa pwani hii. Ishirini na sita mwezi wa Machi sijaiona tangu nivue koti la barafu. Mji huu hata maiti ana thelathini!"

"Sasa ina maana gani?"

Hapo Mzee Karisa akapunguza madaha, kwa sababu jambo lilianza kumgusa mwenyewe. Mashine za watu wengine, akaeleza, feni huusikiliza moyo wa mashine. Yeye, mzee wa mitambo ya barafu, aliona hilo ni jambo la watoto. Liwatoni joto walilipima mlangoni, pale upepo unapotokea. Kwa hiyo aliiwekea mashine waya mwembamba kama tambi, wenye kishanga cha kupimia joto kwenye ncha, akautungika nyuma ya boksi, akaiambia feni: mfuate huyu, akichemka ukimbie, akipoa upumzike.

"Na waya nikauacha mrefu, pima mbili. Nilisema huenda siku moja boksi likahama. Hebu utazame nyuma, kishanga kiko pale nilipokitungika?"

Nabiha akapiga magoti nyuma ya meza. Waya ulitoka kwenye boksi, naam, lakini hapo penye tundu la upepo hapakuwa na kishanga wala ndugu yake. Waya ulishuka ukutani. Akaufuata kwa kidole. Ukapita nyuma ya kabati, ukaingia chini ya mkeka, ukafika kwenye upindo wa leso.

"Umevuka pazia," akasema. "Uko huko kwako."

"Kwangu?" Mzee Karisa akainama mpaka kofia ikaanguka. "Ee! Nimeuona. Waja kama nyoka mwenye miadi. Umepita chini ya kigoda changu. Umepanda..." Kisha Nabiha akasikia mzee mzima akicheka bila sauti, kigoda kikigongagonga sakafu.

"Umepanda wapi, Mzee Karisa?"

"Mtungini, mwanangu. Kishanga kimefungwa kwa kitambaa kibichi tumboni mwa mtungi. Nami nimekaa hapa nusu saa, nanywa maji ya mshitakiwa!"

Nabiha akageuka polepole. Bi Mwanarusi alikuwa ameinua kidevu, na mtu akiona kidevu kile hajui nani aombe radhi.

"Mashine ilikuwa na homa," akasema.

"Mama..."

"Homa! Kila siku baada ya Adhuhuri, mimi nimekaa na uradi wangu, jini hilo lapiga kelele. Siku moja nikaligusa. Yachoma! Nikasema, maskini, si kelele hizi, ni kuugua. Mtoto akiwa na homa hufanywaje? Hukandwa. Nikatia kitambaa maji, nikakikamua vizuri, mimi si mjinga wa kumwagia umeme maji. Nikakanda huku, nikakanda huku. Nilipokigusa hicho kishanga, kelele ikakatika hapo hapo, kama mtoto aliyepewa ziwa. Nikajua hapa ndipo penye homa."

"Na mtungi?" akauliza Mzee Karisa, ameshika mbavu.

"Kitambaa chakauka, nami n'na magoti. Ningeinuka mara ngapi? Nikakipeleka mtungini kikajikande chenyewe. Wiki nzima nimesoma uradi wangu kwa utulivu, na nikaona nimeiponya."

"Wiki nzima!" Mzee Karisa akapangusa macho. "Sikiliza, Bi Mwanarusi. Boksi laungua huku, na mjumbe wake yuko pwani amelala kwenye baridi. Kila feni ikimuuliza, 'Huko kwaunguaje?', yeye ajibu, 'Huku kwema, niletee shuka.' Lakini ni kosa letu sote. Mimi ndiye niliyeuacha waya mrefu."

Nabiha alikuwa na maneno kumi na mawili mdomoni, yote ya moto. Lakini mama mkwe ni mama mkwe, na aliyekanda amekanda kwa huruma. Akameza kumi na moja. "Saa nne zimeshapita," akasema.

Mzee Karisa akakifungua kishanga, akakikausha kwa upindo wa shati, akakisukuma chini ya pazia. Nabiha akakirudisha kwenye tundu la upepo wa moto, akakifunga kwa uzi wa kushonea kofia, mafundo matatu, na la nne kwa ajili ya Bi Mwanarusi. Waya uliobaki akauviringa, akaubana nyuma ya boksi mahali ambapo hata huruma isingeufikia. Akaiwasha, akaipa kazi.

Asilimia kumi, feni ilinong'ona. Ishirini, ikaanza kusema. Thelathini na tano ikaacha adabu kabisa, ikavuma hadi leso za pazia zikatikisika.

"Hiyo sasa ni Liwatoni!" akapiga kelele Mzee Karisa. "Fungeni madirisha, samaki watatoroka!"

Thelathini na tisa. Arobaini. Arobaini na moja. Nabiha alishika ukingo wa meza. Bi Mwanarusi, bila kuambiwa, alikuwa ameleta kipepeo cha ukindu cha kupepea makaa na alikuwa anaipepea mashine kwa mikono miwili, midomo yake inasoma kitu. Arobaini na moja ilikaa, ilikaa, ilikaa kama mgeni asiyesikia kwaheri.

Arobaini na mbili.

Bi Mwanarusi hakuacha kupepea, na hakuacha mpaka saa saba na nusu, ingawa Nabiha alimwambia mara tatu kwamba haina haja. Mara ya nne akamwachia. Ile kelele aliyoikimbia wiki nzima, aliisikiliza yote kwa masikio yake mawili.

Baada ya Alasiri, chumbani kwa bibi yake Tumu, wanawake walibanana kitandani na mkekani. Tumu, hina bado nyeusi vidoleni, alikaa ubavuni pa bibi yake kama Nabiha alivyoahidi. Video ikawashwa. Bibi arusi akatolewa. Bibi alikishika kiganja cha Tumu, akakigeuza, akakitazama kile cha kwenye kioo na hiki cha mkononi, kama anayehakikisha ni mtu yule yule.

Kisha ikaja dakika ya hamsini na mbili. Bibi akakodoa macho. "Huyo si Mwanarusi?"

"Siye," akasema Bi Mwanarusi.

"Irudishe, Nabiha, irudishe! Na hilo goti, Mwanarusi, si wasema lakuuma? Wallahi utanivunja nyonga ya pili!"

Ikarudishwa mara nne. Vigelegele vikatoka dirishani, vikashuka barazani, ambako Mzee Karisa alikuwa na sahani ya mahamri na wanaume watano wenye imani.

"Ilikuwa na kiu, mashine ile," alikuwa anawaambia. "Kwa macho yangu haya, ilitoa mkia, ikaupitisha chini ya mkeka, ikaunywa mtungi mzima mpaka ukabaki umepiga magoti..."

Nabiha, aliyekuwa anashuka kumletea chai, akasikia dirisha la juu likifunguliwa.

"Karisa! Uongo wako huo una joto ngapi?"

Mzee Karisa hakuinua hata kichwa. "Ishirini na sita, Bi Mwanarusi!"