Unga wa Siku Moja

Enzi za msimamizi Mama Deborah, kazi katika kiwanda kidogo cha unga wa muhogo pale Heru Juu haikuisha bila swali. Wanawake walikaa juu ya magunia, naye akawauliza mmoja mmoja: leo umeona nini? Immakulata, mama yake Aline, ndiye aliyeona kwamba vipande vidogo vya muhogo hukauka kabla ya mvua ya jioni, na tangu hapo makopa yao hayakuota ukungu tena. Siku hiyo alirudi nyumbani akitembea kwa maringo, na alistahili.

Mama Deborah akastaafu, akaja Venanti. Immakulata alipojaribu kumweleza namna nzuri zaidi ya kupanga mapipa ya kulowekea, Venanti alimkatisha mbele ya wote: "Hapa nimeajiri mikono. Mdomo acha nyumbani." Wenzake wakacheka, kwa woga tu. Kama huo ni uongozi, basi hata fisi ni mchungaji. Kila mtu akaufyata, na mawazo yakakauka.

Kiangazi kijito kilipungua, wateja wakaongezeka. Venanti akaamuru muhogo mchungu ulowekwe siku moja badala ya nne. Immakulata aliubonyeza, akaukuta bado mgumu, sumu haijatoka. Alijua pia la kufanya: unga ukilowanishwa na kutandazwa kivulini saa kadhaa, sumu nyingi huondoka. Neno lilimfika kooni. Akajisemea funika kombe mwanaharamu apite, akalimeza. Jumamosi kila mfanyakazi alipopewa kilo zake tano za unga, yeye alisema kwake upo wa kutosha, akaziacha.

Alhamisi jirani yake Jeanne alimzika mwanawe Destin, wa miaka sita. Daktari alisema ni sumu ya muhogo. Unga ulikuwa wa kiwanda, ulinunuliwa dukani kama kawaida ya kijiji kizima.

Immakulata alikwenda msibani, akaketi mkekani kando ya mfiwa. Jeanne alimuuliza taratibu, "Mama Aline, ninyi wiki hii mlikula unga ule?"

Angeweza kudanganya. "Hatukula."

"Kumbe ulijua."

"Venanti hataki kuambiwa kitu," alijibu, na aibu ikamchoma papo hapo.

Jeanne alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Na mimi je, nilikukataza kuniambia?"